Aliyetoa Ufunguo Naye Aulizwe

Askari wa trafiki amesimamisha gari. Ndani yumo kijana mmoja, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani, kibao cha herufi L kimebandikwa nyuma, na kiti cha pembeni ni kitupu. Anatoa leseni ya kujifunzia. Ni halali, haijaisha muda. Bima ipo, angalau kwenye karatasi. Hajagonga mtu, hajapita taa nyekundu, hajazidisha mwendo. Kosa lake ni hicho kiti kitupu: mwenye leseni ya kujifunzia anatakiwa awe na msindikizaji, yaani dereva mwenye leseni kamili, pembeni yake.

Dakika tano zinazofuata ndizo ninazotaka kuzizungumzia. Nchi nyingi zimeandika sheria nzuri kuhusu mwanafunzi wa udereva, lakini akikutwa peke yake barabarani hazijui zimfanye nini. Askari mmoja atamkemea na kumwambia aende nyumbani polepole. Wa pili atamwandikia faini, kisha atamwacha aendelee na safari ileile aliyomtoza faini kwa ajili yake. Wa tatu atapokea chochote mkononi na kugeuza uso. Tofauti kati yao ni kubwa kimaadili, lakini kwa mtoto anayevuka barabara kilomita mbili mbele hakuna tofauti yoyote: gari linakuja, na anayeliendesha ni yuleyule asiyeruhusiwa kuwa peke yake, safari hii akiwa ameshapita mbele ya polisi.

Msimamo wangu hauna kona nyingi. Gari lisiondoke pale likiwa na dereva yuleyule, na aliyetoa ufunguo aitwe ajibu.

Wapo wanaoona habari ya msindikizaji ni urasimu. "Mbona anaendesha vizuri tu," husema mzazi, na mara nyingi hasemi uongo. Klachi na gia kijana mwepesi huzizoea ndani ya wiki chache. Kinachochelewa kukomaa ni jicho. Mwanagenzi hutazama karibu, mita chache mbele ya boneti, na macho yake hung'ang'ania hapo. Dereva mzoefu hutazama mbali, hurudi kwenye vioo, huona mpira umevuka barabara na mguu wake ukawa umeshafika kwenye breki kabla mtoto anayeufuata hajatokea. Nimeshakaa kwenye kiti hicho cha pembeni nikimfundisha ndugu yangu, na kazi kubwa haikuwa kumwelekeza gia. Ilikuwa kusema "punguza" kabla yeye hajaona sababu ya kupunguza.

Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta jambo hilohilo kwa namna nyingine: wanagenzi wanaosindikizwa hupata ajali chache, na hatari hupanda ghafla katika miezi ya kwanza mtu anapoanza kuendesha peke yake. Hao ni watu waliokwisha kufaulu mtihani. Ikiwa aliyefaulu bado yumo katika kipindi kibaya kuliko vyote vya maisha yake ya udereva, ambaye hata hajapimwa tumweke wapi?

Na msindikizaji si mtu yeyote aliyejaza kiti. Uingereza inataka awe na umri wa miaka 21 au zaidi na awe ameshika leseni kamili kwa miaka mitatu. Ayalandi inataka miaka miwili ya leseni kamili. Katika sheria ya Uingereza msindikizaji haruhusiwi hata kushika simu mkononi, na akiwa amelewa naye anaweza kushtakiwa, kwa sababu anahesabiwa kuwa kazini. Rafiki wa rika moja aliyepata leseni mwezi uliopita hamsaidii mwanagenzi. Vijana wenzake wakijaa garini hatari ya ajali ya kuua huongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo askari anayechungulia dirishani, akaona vichwa viwili na kupunga mkono wa "nenda", hajakagua chochote. Aombe leseni ya pili pia. Swali hilo moja huchukua nusu dakika.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Ayalandi, kwa kuwa nchi hiyo imepita karibu kila kosa linaloweza kufanywa katika jambo hili. Kwa miaka mingi mwenye leseni ya kwanza ya muda alipaswa kusindikizwa, lakini akichukua ya pili aliruhusiwa kuendesha gari dogo peke yake, hata kama mtihani ameufeli. Yaani mtu aliweza kuambiwa asubuhi kwamba hajafikia kiwango, kisha akawasha gari na kurudi nyumbani bila mtu pembeni. Mwaka 1979, foleni ya mitihani ilipokuwa ndefu mno, serikali iliwagawia maelfu ya waliokuwa wakisubiri leseni kamili bila kuwapima. Oktoba 2007 serikali nyingine ikatangaza kuifuta ile ruhusa ya leseni ya pili, tena kwa notisi ya siku chache. Kelele zilikuwa kubwa, ikarudi nyuma na kusogeza tarehe hadi 30 Juni 2008. Baada ya hapo katazo likawa kamili kwenye vitabu. Barabarani watu waliendelea kama zamani, kwa kuwa familia nzima nzima zilishazoea kuona jambo hilo ni la kawaida.

Tarehe 22 Desemba 2015, katika kaunti ya Cork, Geraldine Clancy na binti yake Louise walikufa katika ajali. Dereva wa gari lililogongana na lao alikuwa na leseni ya kujifunzia na alikuwa peke yake. Noel Clancy, aliyempoteza mke na binti siku moja, alishika hoja moja na hakuiachia: dereva anashtakiwa, lakini mbona sheria haimgusi mwenye gari aliyemwachia mwanagenzi alichukue? Akazunguka na hoja hiyo kwa wanasiasa mpaka ikawa sheria, na watu wakaiita kwa jina la familia yake. Ilianza kutumika 22 Desemba 2018, miaka mitatu kamili tangu siku ile. Tangu hapo mwenye gari anayemruhusu mwanagenzi kuliendesha bila msindikizaji naye ana kosa la jinai, na polisi wana mamlaka ya kulizuia gari palepale.

Sioni sheria ya aina hii iliyolenga vizuri zaidi. Kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane hana gari. Gari ni la baba, la mama, la shangazi, la bosi. Kuna dakika kabla ya safari, mlangoni au jikoni, ambapo mtu mzima anasema ndiyo au hapana. Faini ya kijana haifiki kwenye dakika hiyo. Ikifika, ni kama gharama ambayo mzazi atailipa na kusahau. Lakini mama anayejua kwamba jina lake litaandikwa kwenye hati ya mashtaka ana sababu ya kusema hapana, na kijana naye anapata la kuwajibu wenzake wanaomtaka aje awachukue.

Waajiri wawekwe kwenye kundi hilohilo, tena mbele. Mzazi hukosea kwa huruma. Mwajiri anayemtuma mwanagenzi apeleke mzigo peke yake anajua hasa anachofanya: anaokoa mshahara wa dereva mwenye leseni, na hatari anawaachia watu wengine barabarani.

Nirudi kwa polisi. Kuna njia ya kuitekeleza sheria hii inayoiharibu, nayo ni kuwinda vibao vya L. Askari akijua kwamba wanaovunja sheria wako nyuma ya vile vibao, atavisimamisha vyote, na ndani ya muda mfupi wanagenzi wataelewa kwamba kibao ndicho kinachowaletea usumbufu. Watakibandua. Hapo tumepoteza mara mbili: kijana bado yuko peke yake, na sasa dereva wa lori aliye nyuma yake hana cha kumwonya kwamba gari la mbele linaweza kuzima katikati ya makutano. Kibao cha L ni kwa faida ya watumiaji wengine wa barabara kabla hakijawa kwa faida ya polisi. Aliyekibandua aadhibiwe zaidi ya aliyekiacha, na tofauti hiyo itangazwe ijulikane.

Njia nzuri zaidi ni ya kuchosha na haina sinema. Kila dereva anayesimamishwa kwa sababu nyingine yoyote, taa mbovu, simu mkononi, mkanda, aangaliwe leseni yake ni ya daraja gani, na jibu lipatikane kwenye kumbukumbu za leseni, si kwenye maelezo yake mwenyewe. Askari aliye kando ya barabara bila njia ya kuuliza kumbukumbu hizo anabaki kusoma kadi na sura ya mtu. Pointi za adhabu, zile zinazoandikwa kwenye leseni ya aliyekosa, nazo husaidia pale zinapomfuata mtu. Uingereza mwanagenzi anayekutwa peke yake anaweza kupigwa faini hadi pauni 1,000 na kupewa hadi pointi sita, na pointi hizo haziishi siku anapofaulu mtihani. Chini ya sheria ya madereva wapya ya 1995, dereva anayefikisha pointi sita ndani ya miaka miwili tangu afaulu hunyang'anywa leseni na kurudi kuwa mwanagenzi. Kwa hiyo safari moja ya peke yake ya leo inaweza kumgharimu leseni ambayo hata hajaipata. Hilo kijana analielewa haraka kuliko hotuba.

Sasa hoja ngumu, ambayo sitaki kuipita kwa mbio. Watu wanaoishi mbali na mji, pasipo na basi, wanasema: mtoto ameajiriwa, zamu inaanza alfajiri, mtihani ameuomba na ameambiwa asubiri miezi, mzazi naye ana kazi. Afanyeje? Huko Ayalandi wabunge wa vijijini waliipinga sheria ya Clancy kwa maneno kama hayo, na hawakuwa wakitunga. Serikali inayokamata magari ya wanagenzi huku ikiwaweka kwenye foleni isiyoisha inawaadhibu kwa uzembe wake yenyewe. Foleni ndefu ya mtihani ni suala la usalama barabarani sawa na mwendo kasi, na ipewe fedha na watu kwa uzito huohuo.

Ila jibu la foleni si kufumba macho. Serikali zimewahi kufumba macho rasmi. Novemba 1956, mgogoro wa Mfereji wa Suez ulipoleta uhaba wa mafuta, Uingereza ilisimamisha mitihani ya udereva, watahini wakapelekwa kusaidia kazi ya mgao wa petroli, na wanagenzi wakaruhusiwa kuendesha bila msindikizaji hadi mitihani iliporudi Aprili 1957. Ilikuwa dharura, barabara zina magari machache kwa kukosa mafuta, na ruhusa ilikuwa na mwisho. Foleni ya leo haina hata kimoja katika hivyo.

Nyuzilandi ilichagua njia nyingine tangu 1987, nayo naiona ya haki zaidi: kati ya mwanagenzi na leseni kamili iliweka ngazi ya katikati. Mtu akifaulu jaribio la kwanza la barabarani anaruhusiwa kuendesha peke yake kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, lakini hachukui abiria apendavyo mpaka awe na msindikizaji. Kijana mwenye zamu ya alfajiri anafika kazini. Gari lililojaa marafiki usiku wa manane halipo. Askari naye anapata kitu cha kukagua kwa macho yake: saa, na waliomo ndani. Majimbo ya Australia yameongeza jambo jingine. New South Wales na Victoria zinawataka vijana wakusanye saa 120 za kuendesha wakisindikizwa, 20 kati yake usiku, kabla ya kupimwa. Saa 120 ni nyingi, na zinamlazimu mzazi kukaa kwenye kile kiti badala ya kurusha ufunguo.

Turudi kwenye gari lililosimamishwa, maana utekelezaji hufa kwenye mambo madogo. Nimesema lisiondoke na dereva yuleyule. Lakini usiku, mahali pasipo na nyumba, askari hawezi kuvuta gari na kumwacha binti wa miaka kumi na saba amesimama kando ya barabara. Akifanya hivyo amemtoa kwenye hatari moja na kumwingiza kwenye nyingine. Uingereza polisi wana mamlaka ya kulizuia gari katika hali kama hii tangu 2005, na mamlaka bila utaratibu wa kumfikisha mtoto nyumbani salama hugeuka kuwa sababu ya askari mwenye huruma kumwachia aende. Utaratibu uandikwe basi. Askari apige simu kwa mwenye gari. Mwenye gari aje mwenyewe, au amtume mtu mwenye leseni kamili, kwa gharama yake na kwa saa hiyohiyo. Leseni ya anayelichukua gari ikaguliwe kabla ya ufunguo kubadilisha mkono. Mwanagenzi apande kiti cha pembeni. Na mwenye gari aandikiwe hati yake ya kujibu mashtaka kwa jina lake, siku ileile, sambamba na ya kijana.