Nimalizieni Kichwa Kwanza, Kocha Baadaye

Kwani kocha wa mpira akitafuta kazi huwa anaitishwa cheti cha maadili mema?

Nauliza kwa sababu mimi niliitishwa. Kazi yenyewe ni ya karani wa stoo huko Industrial Area, kuhesabu magunia yanayoingia na yanayotoka. Wakataka kile cheti cha DCI cha kuchovya vidole vyote kumi kwenye wino. Wakataka cha KRA kwamba sidaiwi kodi. Wakataka cha HELB kwamba sidaiwi mkopo wa chuo, na chuo chenyewe nilikipita tu nikiwa ndani ya matatu. Wakataka cha CRB kwamba sidaiwi na walimwengu wengine wote, halafu cha EACC, wale wa kupambana na ufisadi, kwamba sijaila nchi. Niile nchi kutoka chumba kimoja Umoja? Juu ya hayo uzoefu wa miaka mitano, na majina ya watu watatu wanaonifahamu vizuri. Wanaonifahamu vizuri ndio wanaonidai.

Nikavihangaikia vyote. Mahojiano yakapangwa Jumatatu, saa tano asubuhi.

Saa mbili nikaingia kwa kinyozi, maana nywele zilikuwa zimefika mahali ambapo mama watoto alishaanza kuniita nabii. Mfukoni nilikuwa na shilingi 200: mia ya kunyolewa, mia ya matatu kwenda na kurudi. Kosa langu likawa moja. Niliketi kwenye kiti kabla ya kuuliza kama Manchester United imefukuza kocha.

Ilikuwa imefukuza. Huwa imefukuza.

Sasa kinyozi wangu ni Arsenal wa damu. Man U ikifukuza kocha, yeye hufurahi kuliko siku ya kulipwa. Akanifunga shuka shingoni, akawasha mashine, akaanzia sikio la kushoto, vizuri kabisa. Kwenye benchi walikuwa wanne: wawili wa kunyolewa, mmoja wa kuchaji simu, na mzee mmoja ambaye upara wake ulimaliza kazi zamani, huja tu kusoma gazeti la watu. Mimi mwenyewe ni Man U tangu 1999, usiku ule wa fainali ya Ulaya kule Barcelona, mabao mawili dakika za majeruhi. Nilifurahi sana usiku ule. Nimekuwa nikiulipia tangu 2013, Ferguson alipostaafu.

"Wampe mtu aliyewahi kuichezea," akasema wa kwanza.

"Solskjaer hakuichezea?" akajibu wa pili. "Wanataka mkali. Mtu wa kuwanyima chakula."

"Van Gaal hakuwa mkali?" akasema wa kuchaji simu. "Alichukua Kombe la FA Jumamosi, Jumatatu akapewa barua."

Mniwie radhi, lakini hapo lazima niwaeleze tabia ya kinyozi huyu. Hawezi kutaja jina la kocha bila kuinua mkono. Na mkono ndio ulioshika mashine. Akisema Mourinho, mashine iko juu kwenye taa. Akisema Rangnick, mashine inaonyesha mlango. Nilihesabu kwa dakika 20, mashine iligusa kichwa changu mara tatu, na moja ilikuwa bahati mbaya.

"Shida yenu hamna subira," akaniambia kupitia kioo. "Sisi Arteta alikuja Desemba 2019. Msimu wa kwanza nafasi ya nane. Msimu wa pili? Ya nane tena! Tukanyamaza. Nyinyi mngemfukuza kabla hajafungua sanduku."

Hamkunyamaza, nilitaka kumwambia. Nilikuwa kwenye kiti hiki hiki, mlilia mpaka mkaninyoa nyusi. Lakini mtu akikushikia mashine karibu na sikio hubishani naye.

Kilichoniuma si maneno yake. Kiliniuma kile alichosoma yule wa kuchaji simu, sasa simu ilikuwa imefika asilimia 12 na yeye amejaa ushahidi. Mourinho alipofutwa 2018, yeye na wasaidizi wake waliigharimu klabu pauni milioni 19.6. Hizo ni zaidi ya bilioni mbili za Kenya, za kuambiwa nenda nyumbani! Ten Hag akaongezwa mkataba Julai 2024, Oktoba hiyo hiyo akafukuzwa, na yeye na watu wake wakagharimu milioni 10.4. Hata mkurugenzi wa michezo, ambaye kazi yake ni kuwatafuta hao makocha, naye alidumu miezi mitano.

Mimi nilipoachishwa ile kazi ya mwisho niliomba nauli tu ya kunifikisha Umoja. Nikaambiwa nirudishe koti la kazi. Likiwa limefuliwa.

"Na vyeti?" nikauliza. "Kocha huwa anaitishwa vyeti gani?"

"Leseni ya UEFA Pro," akasema kinyozi, mashine hewani.

Karatasi moja! Mimi bahasha yangu ilikuwa imevimba magotini kama mkate. Na Moyes, yule aliyemrithi Ferguson, alipewa mkataba wa miaka sita siku ya kwanza, akaondoka kabla mwaka haujaisha, na hakuna aliyemuuliza uko wapi huo uzoefu wa miaka mitano.

Hapo yule mzee akakunja gazeti. Tukajua tumekwisha, maana mzee akikunja gazeti tunarudi 1987. Akaanza: Gor Mahia, Kombe la Mandela, Esperance, sare ya 2-2 Tunis, sare ya 1-1 hapa nyumbani, bao la ugenini likatupa kombe. "Siku hizo kocha alikuwa kocha na mchezaji alikuwa mtu," akasema. Maana yake sikuielewa, lakini ilisemwa kwa uzito. Kisha akanyoosha kidole kwenye redio. "Huyo Ghost Mulee mnayemsikia akipatanisha wanandoa kila asubuhi, ndiye aliyeipeleka Harambee Stars Kombe la Afrika kule Tunisia 2004, na wakaifunga Burkina Faso tatu bila. Mtu anayeweza kumrudisha mke aliyefika kwao Kakamega atashindwa na Old Trafford?"

Benchi zima likanyamaza. Nakiri, hata mimi niliona jambo hilo lina mantiki.

Kinyozi akanigeuza kiti. "Boss, timu ni yako. Sema wewe. Nani?"

Nikafungua mdomo. Stima ikapotea.

Sijui kama mmewahi kusikia mashine ya kunyoa ikifa kichwani. Hulia kidogo, kama mbu aliyeghairi. Nikajitazama kwenye kioo kwa mwanga wa mlango: kushoto Uhuru Park, kulia Msitu wa Karura. Nikaomba mkasi. Mkasi uliazimwa na fundi wa nguo tangu Alhamisi. Nikauliza kinyozi jirani. Jirani ni transfoma ile ile. Saa tatu na nusu ikagonga. Nikatoa shilingi 50, nusu kazi nusu pesa, kinyozi akaniangalia kwa huruma.

"Boss, hata Moyes hakumaliza na alilipwa."

Nikalipa mia.

Nikaazima kofia ya yule wa kuchaji simu, ya bluu, imeandikwa jina la mbunge aliyeshindwa. Askari wa getini akaniambia kofia haziruhusiwi. Nikaingia kwa upande, bega la kushoto mbele, kama mtu anayepita katikati ya magari. Kwenye meza walikuwa watatu. Nikawapa upande wa Uhuru Park. Mwenyekiti, mama wa miwani, akasoma vyeti vyangu kimoja kimoja mpaka vidole vyangu kumi. Akaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikasema kwa hali ilivyo, nitakuwa nimemaliza kunyolewa. Hakucheka.

Basi nikageuka kumtazama wa tatu, aliyekuwa kwenye simu muda wote, na Karura yote ikajitokeza. Akashtuka. Akainama karibu.

"Umetoka kwa kinyozi?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Wanasemaje huko? Nani atapewa?"

Wa pili akasema apewe aliyewahi kuichezea. Mama wa miwani akavua miwani. Kumbe yeye ni Liverpool. Walibishana mpaka saa sita kasoro, mimi nimeshika bahasha yangu, na kuhusu magunia hakuna aliyeniuliza hata moja. Mwisho mama akavaa miwani tena, akasema asante, tutakupigia.

Niko kwenye matatu, karibu na Donholm, simu ikalia. Nambari ngeni. Nikakohoa, nikaketi wima, nikaita sauti ile ya karani wa stoo.

"Hujambo, ndiyo mimi."

"Boss, stima imerudi. Lakini harakisha, tumefika kwa Zidane."