Usimsemeshe mtu anayefunga mikanda

Nina ombi moja kwa kila anayeruka na paraglaida, lile bawa la kitambaa linalopaa bila injini: ukimwona mwenzako ameinama anafunga mikanda ya hanesi, yaani kiti cha kuning'inia chini ya bawa, usimsemeshe. Usimwulize upepo unaelekea wapi, usimwombe akusogezee ncha ya bawa, hata picha usimpige. Msubiri ainuke.

Naomba hivyo kwa sababu yamenikuta. Siku hiyo nilikuwa nimeshavaa hanesi, mkanda wa paja la kushoto nimeufunga, wa kulia nimeushika mkononi. Bawa la rubani aliyekuwa mbele yangu likaburutwa na upepo mpaka kwenye kichaka, naye akaniita. Nikaenda, tukazichomoa nyuzi zake kwenye miiba, mmoja baada ya mwingine. Nikarudi, nikafunga kifua, nikaunganisha raiza, zile tepe zinazoshika nyuzi za bawa, nikasimama kuusoma upepo. Kichwani mwangu habari ya mikanda ilikuwa imekwisha, maana nilikumbuka vizuri kwamba nilianza kuifunga. Kilichoniokoa ni mazoea ya kupitisha viganja mapajani kabla ya kushika breki, yaani kamba za mkononi za kuongozea bawa. Kushoto nikagusa utepe uliokaza. Kulia nikagusa suruali.

Wasioujua mchezo huu huenda wakaona ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Mikanda ya mapaja ndiyo inayokuzuia usichomoke kwenye hanesi. Ukiruka ikiwa wazi, miguu ikishaacha ardhi mwili hushuka na hanesi hubaki juu, nawe unajikuta unaning'inia kwa makwapa. Kitini hupandi tena. Mikono unayoihitaji kujishikilia ndiyo hiyo hiyo iliyoshika breki, na ukijivuta nayo unazivuta breki, bawa linapoteza kasi mpaka linaacha kuruka. Watu wamekufa hivi, na si wanafunzi peke yao. Wamo marubani wa miaka mingi. Mwanafunzi ana mwalimu anayemkagua. Mzoefu ana mazoea tu, na mazoea hukatika mtu akikuita jina.

Hanesi nyingi za siku hizi zina mkanda unaounganisha kifua na mapaja, ili ukisahau miguu kuwe bado na kitu cha kukushika. Ni ubunifu mzuri na naushukuru, ila sikubaliani na wanaouchukulia kama ruhusa ya kufanya haraka.

Utaratibu wangu haubadiliki. Helmeti kwanza, kabla sijaunganishwa na bawa, kwa sababu ukishaunganishwa upepo mmoja mkali unatosha kukuburuta kichwa kikiwa wazi. Kisha mapaja, kisha kifua, kisha karabina, zile pete zenye mlango zinazounganisha hanesi na raiza. Wakati wa kuvua nakwenda kinyume, mikanda ya mapaja inakuwa ya mwisho kufunguliwa. Na kila bizimu naivuta kwa mkono baada ya kuisikia ikilia, kwani chembe za mchanga zinaweza kuifanya ishike upande mmoja tu huku kwa macho inaonekana imefungwa. Mlango wa karabina nao naubonyeza bila kuufungua ufunguo wake. Ukikubali kufunguka, haujajifunga. Karabina yenye mlango wazi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Mwenzako kukukagua ni jambo jema na mimi huomba nikaguliwe. Lakini huo uwe ukaguzi wa pili. Nimeona marubani wawili wakikaguana kwa kutupiana macho huku kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyetazama kweli.

Kuna mambo ambayo kilimani si mahali pake kabisa, na hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Hanesi mpya hurekebishwa nyumbani, ikiwa imening'inizwa kwenye boriti imara, nawe umekaa ndani yake. Pima nafasi kati ya karabina mbili: kitabu cha bawa hueleza upana unaotakiwa, mara nyingi ni sentimita 40 na kitu. Ukilegeza mkanda wa kifua kupita kiasi, utayumba kila hewa inapotikisika. Ukiubana sana utajihisi salama, kumbe bawa likikunjika upande mmoja ni rahisi zaidi nyuzi zijisokote juu ya kichwa chako. Angalia pia kamba ya kanyagio la mwendo kasi. Ikiwa fupi mno, itakuwa inavuta sehemu ya mbele ya bawa safari nzima bila wewe kukanyaga chochote.

Ukiwa bado unaning'inia, fumba macho utafute mpini wa parachuti ya akiba. Mkono uufikie bila kupapasa. Kisha uvute kweli, uone kama mfuko unatoka, maana parachuti na hanesi zilizonunuliwa mbalimbali si lazima zikubaliane. Likishatoka lifungwe upya na anayejua kazi hiyo. Baada ya hapo, kila siku ya kuruka ni kufunua kifuniko na kutazama pini zinazofunga mfuko wa parachuti: zimenyooka, zimeingia hadi mwisho, hazijasogezwa na begi.

Bawa lenyewe nalitandaza kwa umbo la kiatu cha farasi, ili katikati pajae hewa kwanza. Nyuzi nazitenganisha safu kwa safu, za mbele mpaka za breki. Adui hapa ni fundo dogo kama kichwa cha kiberiti, limejifunga juu karibu na kitambaa, nawe umesimama mita kadhaa kutoka hapo. Ukiwa chini hulioni. Ndiyo maana upepo ukiruhusu napenda kulipandisha bawa nikiwa nimeligeukia, nilitazame lote likiwa juu yangu kabla sijageuka kukimbia. Likiwa na mkunjo au upande mmoja unavuta, nalishusha. Sijawahi kujuta kulishusha.

Kuhusu kukatizwa: kuna wakati lazima uende, mtu anaburutwa na hakuna mwingine wa karibu. Hapo sifungi nusu nikaondoka, wala siachi nusu nikaja kumalizia. Nafungua kila kitu, navua hanesi, naiweka chini na helmeti juu yake. Nikirudi naikuta helmeti imekaa pale, nami naanza na hiyo, kana kwamba ndiyo kwanza nimefika kilimani.