Tumwandike baba yupo, au hayupo?

Nina steshenari ndogo hapa Moshi mjini: mashine mbili za fotokopi, kompyuta tatu, na benchi moja ambalo halipumziki dirisha la mikopo ya elimu ya juu likishafunguliwa. Vijana wanatoka Pasua, Rau, Kibosho, wengine wameshuka na Hiace ya alfajiri kutoka Marangu. Kila mmoja na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, picha, kitambulisho cha mdhamini. Mambo huenda vizuri mpaka tufike kwenye habari za wazazi. Hapo ndipo binti mmoja aliniinamia sikioni, maana benchi lilikuwa limejaa, akaniuliza, "Mama, baba tumwandike yupo au hayupo?"

Yupo. Anafanya biashara ya madini Mirerani na ana gari. Cheti cha kifo cha kuambatanisha hakuna, kwa sababu hajafa. Alikuwa akituma hela ya matumizi kwa amri ya mahakama, na alituma kwa uaminifu, sitamnyima hilo, mpaka mwezi ambao binti alitimiza miaka 18. Mwezi uliofuata simu ikawa inaita tu. Binti alikuwa kidato cha tano.

Mimi si mwanasheria, ni mtu wa fotokopi. Lakini ukichapa karatasi za watu kwa miaka mingi karibu na mahakama, unaokota mawili matatu. Wababa wengi wanajua kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 amri ya matunzo inakoma mtoto akifika miaka 18, isipokuwa kama ana ulemavu. Hicho wamekishika kama namba ya simu ya mjomba aliyeko Ulaya. Wasichokijua, au wanachojifanya hawakijui, ni kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeacha mlango wazi: mahakama inaweza kuendelea kusimamia amri ya matunzo hata baada ya miaka 18 kama mtoto yuko masomoni au kwenye mafunzo. Na maombi hayo anaweza kuyapeleka mama, au mlezi anayekaa naye, au mtoto mwenyewe. Namwambia kila kijana anayekaa kwenye hilo benchi: wewe mwenyewe. Wengi wananitazama kama nimewaambia wakaibe.

Hebu tupige hesabu ya kwetu. Mtoto anaanza darasa la kwanza na miaka sita au saba. Akimaliza kidato cha nne ana 17 au 18, kidato cha sita ana 19 au 20, halafu ndiyo chuo, miaka mitatu kwa uchache. Kwa hiyo 18 inamkuta bado amevaa sare. Sasa tazama ada. Shule za serikali ziliondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Yaani miaka aliyobanwa na amri, baba alikuwa akisaidiwa na serikali. Mzigo wenyewe unaporudi, yaani chuo, chumba, chakula, yeye anasema kamaliza zamu. Huyo ni mlinzi anayefunga lindo saa kumi na mbili jioni.

Ataniambia mtu, si kuna mkopo? Kuna, na naushukuru kwa jinsi unavyojaza benchi langu. Lakini bumu, yaani hela ya kujikimu ya huo mkopo, ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo, na si wote wanaopata. Na mkopo ni deni. Yule binti akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka liishe. Sehemu ya deni hilo ni ile hela ambayo baba aliacha kutuma. Kalihamisha tu, kamwekea mwanawe mgongoni, na yeye bado anajiita mtu asiyedaiwa.

Sisemi kila baba achunwe. Wapo wanaokuja hapa kuchapa barua zao wenyewe, wamestaafu, wana mke wa pili na watoto wanne wadogo, kahawa imezeeka shambani. Sheria hiyohiyo ya Mtoto inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Baba asiye na kitu hatakamuliwa jiwe. Wapo pia akina mama waliomficha mtoto miaka kumi, baba akija getini anaambiwa hayupo, halafu ada ya chuo ikitoka anatafutwa kwa tochi. Hilo nalo nimeliona, na halinipendezi. Na kijana anayebadilisha kozi kila mwaka kama foleni ya benki, huyo aje tuongee pembeni.

Hoja inayonichosha ni ile ya "mama yake anakula hela". Dawa yake rahisi mno. Mtoto ana miaka 19, ana simu na akaunti ya benki, mtumie yeye. Lipa ada chuoni moja kwa moja kwa namba ya malipo, risiti ubaki nayo. Nimewahi kumpa baba mmoja wazo hili hapahapa kaunta. Akasema atafikiri, akalipia kopi zake, akaondoka.

Ninachoona ni kwamba wengi hawalazimiki kufika mahakamani kama wataanza mapema. Mama akae na afisa ustawi wa jamii mtoto akiwa bado kidato cha nne, baba aitwe, waandikishane nani atalipa nini baada ya 18. Amri ikishakoma, kumrudisha mtu mezani ni kazi nyingine kabisa, na kijana mwenyewe anaona aibu kumshitaki baba. Aibu hiyo naielewa. Kwetu Uchagani mtoto hamwendei mzazi kwa karatasi ya mahakama, na ukimkosea mtu unamtafuta na jani la isale. Ila sijawahi kusikia baba aliyebeba isale kwenda kumwomba radhi mwanawe kwa miaka mitatu ya chuo.

Nasikia zaidi habari za kadi. Hapa nachapa pia kadi za send-off, na kadi ndiyo mahali wababa wa 18 wanaporudi. Mwaka juzi alikuja binti mwingine, amemaliza chuo, mama yake anauza ndizi soko la Mbuyuni, ndizo zilizomsomesha. Alitaka kadi iandikwe jina la mama peke yake. Siku ya pili wakaja wazee wawili wa upande wa baba, kwa heshima zote, kusema jina la baba litangulie, maana ndiye wa kupokea pombe ya mbege ya mahari. Binti aliwasikiliza, akawaitikia vizuri, hakubishana. Walipotoka akaniambia nichape aina mbili: kumi zenye jina la baba, za kupelekwa kwa baba na wazee wake, na mia moja na tisini zenye jina la mama.

Zile kumi alitaka zitumie karatasi ya kawaida.