Langu linanusa tu

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuisambaza ile video ya gari langu likisukumwa katika kila kundi ambalo mimi ni mwanachama, na katika mengine ambayo hata sikujua kama yapo, naona nina haki ya kueleza kilichotokea Jumamosi iliyopita katika barabara ya Morogoro kabla habari yenyewe haijaota mkia mwingine. Si kweli kwamba shangazi yangu alisukuma gari mpaka Msamvu, Morogoro mjini. Alisukuma mita 200 hivi, tena kwa hiari yake. Na huyo anayesikika akicheka mpaka simu inatikisika ndiye rafiki mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa kiti cha mbele na ambaye, iwekwe katika kumbukumbu, hakusukuma.

Mnaonifuatilia mnalijua gari langu, maana nimelisifia humu mpaka baadhi yenu mkaniuliza kama nalipwa. Ni gari dogo la Kijapani lenye injini ya cc 1300, lililotumika huko kwao kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, na kwenye kioo cha nyuma lina kibandiko cha kijani chenye maandishi ya Kijapani ambacho nimekataa kukibandua, kwa sababu nilielezwa kwamba kinathibitisha kuwa gari lilivuka kiwango cha matumizi ya mafuta kilichowekwa na serikali ya Japani kwa mwaka 2010. Katalogi ya mtandaoni ilisema lita moja inakwenda kilomita 18. Namba hiyo niliikariri kuliko namba yangu ya NIDA. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei mpya za petroli na watu wakaanza kulalamika, mimi nilikuwa nikijibu kwa upole wa mtu aliyejaaliwa: "Poleni. Langu linanusa tu."

Jumamosi ilikuwa siku ya kupeleka mahari kwa wakwe zangu watarajiwa, Morogoro. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita zisizofika 200. Ukigawa kwa 18 unapata lita 11. Nikaomba lita 11 kamili, na mhudumu wa sheli, ambaye amezoea watu kuomba mafuta kwa fedha na si kwa lita, akaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa nayo. Kile kidogo kilichokuwa kimebaki chini ya tanki nilikihesabu kuwa ni akiba ya dharura. Hesabu hiyo nimeipitia tena baada ya tukio, na hadi sasa sijaona mahali ilipokosewa.

Ndani ya gari tulikuwa mimi, rafiki yangu, baba mkubwa, mshenga, na shangazi pamoja na mkoba wake ambao haukubali kuwekwa kwenye buti. Kwenye buti kulikuwa na kreti za soda, mchele wa Kyela, mkaja wa mama na blanketi la babu. Kiyoyozi kilifunguliwa mpaka mwisho, kwa sababu shangazi alikuwa amepakwa poda saluni na hakutaka iyeyuke kabla ya kuonekana na upande wa pili. Tulitambaa kwenye foleni ya Mbezi, tukaruka matuta ya kila kijiji, na kila nilipoona askari mwenye tochi nilikanyaga breki, kisha nikakanyaga tena mafuta ili kufidia muda.

Tulipofika Chalinze, taa ya mafuta ilikuwa imekwisha kuwaka. Baba mkubwa, ambaye ameendesha malori ya Tunduma mpaka akastaafu, aliitazama kupitia katikati ya viti viwili vya mbele.

"Baba, hiyo taa ni ya urembo?"

"Baba mkubwa, usiwe na wasiwasi. Ikiwaka huwa yamebaki mengi tu."

"Sheli hiyo hapo."

Nikamwonyesha hesabu kwenye simu. Akaivaa miwani yake, akaisoma yote bila haraka, akanirudishia simu na kusema, "Sawa, wewe ndiye uliyesoma." Wenye baba wakubwa mnajua uzito wa sentensi hiyo.

Tulikuwa tumekwisha kuipita Ubena Zomozi, tukiitafuta Mikese, gari lilipokohoa mara ya kwanza. Nilisikia, lakini nilijifanya kuongeza sauti ya redio. Likakohoa tena, na safari hii usukani ukawa mzito ghafla mikononi mwangu, zile taa zote nyekundu za dashibodi zikawaka kwa pamoja, na ukimya ukaingia ndani ya gari kiasi kwamba nilisikia soda zikigongana kwenye buti. Tukaserereka mpaka pembeni ya barabara. Nikazungusha ufunguo. Ile sauti ya mwanamke wa Kijapani, mnayoijua vizuri ninyi wenye magari haya, inayokumbusha kila unapowasha gari kwamba kadi ya kulipia barabara za huko kwao haijachomekwa, ikazungumza kwa adabu yake yote. Injini haikuitikia. Nikazungusha tena, na mama akarudia maneno yale yale.

"Huyo anasemaje?" shangazi akauliza.

Kabla sijajibu, baba mkubwa alikuwa amekwisha kufungua mlango. "Hata kama anasema nini, mwambieni ashuke asukume."

Kulikuwa na vibanda mbele kidogo, na wazo la kusogea mpaka pale lilikuwa la mshenga. Basi wakashuka. Baba mkubwa akaipandisha kanzu mpaka magotini. Shangazi akavua viatu vya kisigino, akavipanga juu ya dashibodi, akaanza kuhesabu moja, mbili, tatu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya. Mimi nilikuwa kwenye usukani, na kupitia kioo cha kati nilimwona shangazi, jasho likiwa limechora mfereji katikati ya ile poda, uso wake ukiwa sentimita chache kutoka kwenye kibandiko cha kijani.

Hapo ndipo kosta ilipotokea. Ilitupita polepole, ikapunguza mwendo zaidi, madirisha yakafunguliwa moja baada ya jingine, na katika kila dirisha kulikuwa na sare ya kitenge ya upande wa bibi harusi. Vigelegele vikapigwa. Kosta ikasimama, akashuka mjomba wa mchumba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao cha mahari. Akaja mpaka dirishani kwangu. Akavua koti la suti, akalikunja vizuri, akanikabidhi mimi nilishike, kisha akainama.

"Mkwe wetu, si ndilo lile linalonusa?"

Halafu akaenda nyuma kusukuma bega kwa bega na shangazi yangu, nami nikaendesha nikiwa nimelipakata koti lake.

Yaliyofuata hayana haja ya kuelezwa sana. Bodaboda alileta petroli kwenye chupa za maji kwa bei ambayo haitangazwi na mtu yeyote, tukafika tumechelewa, faini ya kuchelewa ikatajwa kabla salamu hazijaisha, tukalipa. Mwenyekiti alitaka kujua kama mtu anayepima safari kwa lita atapimaje unga wa nyumbani, baba mkubwa akaomba radhi kwa niaba ya ukoo, mahari ikapokelewa.

Jambo ninalotaka mlielewe ni hizo kilomita 18. Nimesoma jinsi zilivyopatikana. Kwa kipimo kilichotumika Japani enzi za gari langu, gari halikupelekwa barabarani. Liliwekwa juu ya rola ndani ya maabara, injini ikiwa imekwisha kupata moto, likaendeshwa kwa dakika 11, umbali wa kilomita 4 na ushei, kwa kasi ya wastani wa kilomita 23 kwa saa. Bila kiyoyozi, bila tuta, bila kreti, bila shangazi.

Jumatatu nililipeleka kwa fundi. Akafungua, akaniambia bila aibu kwamba thamostati haimo, na kwamba aliitoa yeye mwenyewe siku ile aliponibadilishia maji ya rejeta. Bila kifaa hicho maji huzunguka muda wote, injini huchelewa kupata joto lake, na kompyuta ya gari, ikidhani ndiyo kwanza linawashwa, huendelea kumimina petroli. Ile taa ya bluu ya dashibodi ambayo kila asubuhi ilikuwa haitaki kuzimika, na ambayo mimi nilikuwa nikiwaonyesha watu kama ushahidi kwamba gari limetulia, ilikuwa inasema hivyo hivyo: injini bado ni ya baridi.

"Bosi, hiyo kitu ni ya nchi za baridi," alinieleza. "Nilikutolea bure kabisa."

Nikamwomba aniwekee nyingine. Akaingia kibandani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, akachakura humo ndani, akaniuzia moja anayodai imetoka Japani wiki hii. Naamini ni ile ile ya kwangu.