Shikamoo kwa vitendo

Kwanza kabisa: sikubusu kiatu cha mtu. Narudia, sikubusu. Huyu ndugu yangu wa Bukoba ninayekaa naye chumba kimoja hapa Kampala ameshairusha habari kwenye kila grupu la Watanzania, na jana mama kanipigia simu kutoka Tanga kuniuliza kama nimebadili dini. Sasa nisikilizeni mimi mwenye aibu yangu.

Wanafunzi wa Kiganda chuoni walikuwa na siku yao ya utamaduni, mgeni rasmi Mumbejja, yaani binti wa ukoo wa kifalme. (Nyie mnaouliza kama Uganda bado kuna wafalme: falme zilifutwa 1967, zikarudishwa 1993. Rais yupo kwake, Kabaka, mfalme wa Buganda, yupo kwake Mengo. Tuendelee.)

Nikasema, utamaduni tena? Mtoto wa Tanga? Nikatoa kanzu yangu ya Idi. Hawa wenzetu nao vazi lao la heshima ni kanzu. Waliipata kwa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliofika kwa Kabaka karne ya 19, ila wao juu yake wanavaa koti. Ndugu wa Bukoba akanitazama akasema, "Bila koti utaonekana umetoka kulala," akaniazima la kwake. Yeye mwembamba kama ufito. Mimi mnanijua.

Kumbe kanzu ikikutana na koti na kitambi, hapa Buganda unaongezwa miaka ishirini. Kijana wa mapokezi aliniangalia tumbo, akainama kwa adabu, "Jangu wano, ssebo," akanishika mkono mpaka hema la mbele kabisa, kwenye viti vyenye vitambaa. Ningeweza kukataa. Lakini niliona soda baridi.

Nikakalishwa pembeni ya mzee mmoja mwenye fimbo. Salamu za Kiganda ni ndefu, na mimi nilishajifunza kwamba ukiitikia "mmm" kila mwenzio akinyamaza, unafika mbali. Tukaenda hivyo, mmm, mmm, mpaka akaniuliza: "Weddira ki?"

Nikasikia "ki", nikajua hili ni swali. Mezani wanapanga sahani. Nikajumlisha moja na moja, nikajibu kwa sauti ya mwanamume: "Ndya byonna!" Nakula vyote.

Mzee akaacha kutafuna karanga.

Alikuwa ananiuliza ukoo. Waganda wana koo zaidi ya 50, na kila ukoo una mnyama wake, au samaki, au mmea, ambao wenyewe hawamli kamwe. Wanamwita muziro, ndugu wa "mzio" wetu kabisa. Wapo wa kamongo, wapo wa tumbili, wapo hata wa senene, na ndugu yangu wa Bukoba anayemaliza kopo la senene kwa kikao kimoja alisikie hilo. Kwa hiyo mimi, mtu mzima na koti langu, nimeulizwa mwiko wangu ni nini, nikasema nakula vyote.

Nikawa bado sijajua. Nilijiona nimeongea vizuri.

Basi Mumbejja akaingia. Mimi Kiganda changu chote cha kuamkia watu kilikuwa maneno mawili niliyofundishwa na yule mwenzangu: ssebo kwa mwanamume, nnyabo kwa mwanamke. Nashangaa watu wanapiga magoti mstari mzima, wake kwa waume, na kila mmoja anamwita "ssebo". Mabinti wa kifalme huku huitwa hivyo hivyo kama wanaume, ndiyo heshima yao. Hilo sikufundishwa. Nikajisemea, hawa wamepata kiwewe. Nitawasahihishia.

Sasa twende polepole. Amebakiza watu watatu. Naona gomesi, gauni lao refu la heshima, imefika chini, naona ncha za viatu vyeusi. Amebakiza wawili. Mzee wa fimbo anashuka, na umri wote ule, taratibu kama jamvi linakunjwa. Zamu yangu. Nikashuka kwa kishindo, na magoti yote mawili yakatua juu ya kanzu yangu mwenyewe. Kola ikanivuta shingo. Nikajaribu kujiinua nusu niivute ile kanzu, kanzu ikagoma. Mdomo ulishaanza "Nnya...", nikainua macho nikamwona, mtu wa makamo, sura ya shangazi, ulimi ukakimbilia nyumbani:

"Shikamoo!"

Na mwili ukaenda mbele. Koti likasema chwaaa kuanzia kwapani. Nikarusha mikono nipate pa kushika.

Nikapata. Viatu vyote viwili.

Jamani, tangu chekechea tunaambiwa shikamoo maana yake nashika miguu yako. Katika kizazi hiki, aliyetekeleza ni mimi peke yangu.

Ngoma zikanyamaza. Nikawa natazama vidole vyangu kumi vimetulia juu ya ngozi ya kiatu, kimoja kina wino. Nikapiga hesabu: nikiachia, nalala kifudifudi. Nikaendelea kushika. Mlinzi ananijia, naona soli zake. Halafu kutoka juu, sauti ya mtu anayebana kicheko, kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Marahaba."

Mengine mnayo kwenye simu zenu. Nilinyanyuliwa, nikahamishiwa hema la nyuma kwa wanafunzi wenzangu, koti nadaiwa mpaka leo. Wakati wa chakula akaja kijana na sinia: matoke, luwombo ya kuku, samaki, mbuzi, mchuzi wa karanga. Akaliweka mbele yangu, kapiga goti kabisa, akasema mzee wa fimbo ameagiza lipelekwe kwa mkuu wa ukoo wa Byonna.

Hema zima likapasuka. Nikavuta sinia, nikala. Vyote.