Mshenga Mwenye Ulimi wa Buluu

Miaka yote niliyofundisha baiolojia mjini Tanga, niliwaagiza wanafunzi wakwaruze ndani ya shavu kwa kijiti, wapake walichokipata kwenye kioo cha hadubini, kisha wakidondoshee rangi iitwayo methilini buluu ili kiini cha seli kionekane. Sikuwahi kuwaza kwamba nikistaafu ningeidondoshea kinywani mwangu kwa hiari, tena kwa fedha ya kiinua mgongo.

Aliyeniuzia alisema inaamsha mitokondria, vile viwanda vya nishati vilivyomo ndani ya seli, na kwa kuwa alitaja elektroni, moyo wangu wa ualimu ukalainika. Ni kweli kwamba rangi hiyo hupokea elektroni na kuzikabidhi mbele, kama mkimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti. Ila kutoka hapo hadi kwenye magoti ya mzee anayepanda ngazi ni mwendo mrefu, nami nililipa kabla ya kuuliza. Chupa ilielekeza matone machache. Nikahukumu kwamba mitokondria za mstaafu, kama wanafunzi wa dawati la nyuma, zinahitaji msukumo zaidi, nikajaza kile kibomba chote na kumimina chini ya ulimi. Siku ya tatu ndiyo niliyokuwa mshenga wa mpwa wangu.

Tulipokewa Ngamiani kwa heshima, tukaketishwa mkekani chini ya mzambarau uliozaa hadi matawi yakainama. Nikaanza kwa mafumbo niliyoyafanyia mazoezi juma zima, kwamba tumeona ua katika bustani yenu, bibi wa binti akanikatiza.

"Mwalimu, hebu toa ulimi."

Nikautoa.

"Watoto nawafukuza kila siku, kumbe mwizi wa zambarau zangu amevaa kanzu!"

Nilijitetea, lakini kila nilivyozidi kusema ndivyo ushahidi ulivyozidi kuonekana. Haja ikanibana, nikaomba kuonyeshwa choo. Maji yalikuwa yamekatika na ndoo ilikuwa tupu, hivyo nikalazimika kuacha katika lile sinki jeupe rangi ambayo hapa Tanga huonekana baharini tu, Raskazone, siku ya jua kali. Sijafika mkekani, mtoto aliyeingia baada yangu akapaza sauti:

"Bibi! Mgeni amekojoa wino!"

Mpwa wangu akainama, akawa anahesabu michirizi ya mkeka.

Aliyeniokoa ni mjomba wa binti, tabibu mstaafu. Aliniuliza kwanza kama natumia dawa za sonona, maana zikikutana na rangi hiyo huweza kuleta hatari kubwa; nikamjibu hapana. Akauliza kama nimewahi kupimwa upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao kwa mwenye nao dawa hiyo huweza kupasua chembe nyekundu za damu. Nikamjibu hapana tena, na hapo akakunja uso, akaniamuru niache mara moja. Kisha akawageukia wazee, akawaeleza kwamba mwaka 1891 Paul Ehrlich aliwatibu wagonjwa wa malaria kwa rangi hiyo hiyo.

"Basi hakuiba," alihitimisha. "Amejipaka dawa ya hadubini, tumtazame vizuri."

Posa ilikubaliwa. Bibi hakupinga lolote, ila orodha ya mahari iliposomwa kwa mara ya mwisho, chini kabisa palikuwa pameongezwa debe moja la zambarau, litakalotolewa na mshenga mwenyewe.