Waingereza wana jiwe la majina, sisi tuna wajukuu

Ikiingia Novemba huku Uingereza, kila koti utakalopishana nalo lina ua jekundu la karatasi kifuani, la kuwakumbuka waliokufa vitani. Tarehe 11, saa tano kamili asubuhi, watu wanasimama kimya dakika mbili, hata wakiwa kituo cha treni, na Jumapili ya karibu na siku hiyo wanakusanyika kwenye mnara wa mji wao. Gwaride na tarumbeta havinigusi sana. Kinachonigusa ni ule mnara. Karibu kila kijiji, hata kile chenye nyumba chache, kina jiwe lililochongwa majina ya vijana wa hapohapo waliokufa vitani, na mara nyingine jina la ukoo mmoja limejirudia mara tatu au nne. Mjukuu anajua pa kwenda. Anavaa nishani za babu yake upande wa kulia, kwa sababu kushoto ni kwa aliyezipata mwenyewe.

Watanzania wenzangu wakiona hayo husema, "Wenzetu wanaheshimu mashujaa wao, sisi hatuna habari." Mimi hapo nakubali nusu tu.

Nani kasema hatuna habari? Kwetu Songea kila Februari wanakumbukwa wapiganaji wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na makumbusho yenye sanamu zao yapo. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, viongozi wa dini wanaomba. Na sisi Wakatoliki tuna tarehe 2 Novemba: makaburi yanafyekwa, mishumaa inawashwa. Juu ya yote hayo, tunarithisha majina. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Mwingereza la King's African Rifles, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944. Mdogo wake waliondoka pamoja, na hakurudi. Leo kwenye ukoo wetu kuna watoto wenye jina la huyo asiyerudi, na bibi zao wanawatania kabisa: "Mume wangu, umekula?" Ua la karatasi haliwezi kufika huko.

Ila jina la kurithi halikuambii mtu alikuwa kikosi gani wala amelala wapi. Makaburi tunayofyeka ni ya waliofia nyumbani.

Babu aliacha nishani moja, ile Nyota ya Burma, na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokaa kwenye sanduku la bati kimekunjwa mara nne, mpaka mkunjo umekula tarakimu mbili za namba yake. Nishani ni nyota ya shaba yenye ncha sita, na haijachongwa jina popote. Waingereza waliwagawia askari nyota hizo hivyohivyo. Ukiiokota barabarani huwezi kujua ni ya nani. Maana yake mchwa wakiingia kwenye lile sanduku, babu yangu hakuwahi kuwa askari.

Mdogo wake nilimpata nikiwa huku, mtandaoni, kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ameandikwa jina lake na la baba yake, herufi moja imekosewa, kwenye Ukumbusho wa Rangoon ulioko Taukkyan, hukohuko Burma, wa wale wasio na kaburi linalojulikana. Nilipopiga simu nyumbani shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: "Hapo walipomwandika, misa inasomwa?" Nilibaki na simu mkononi.

Nikaona nimtafute na baba yao. Huyo alichukuliwa upagazi vita vya kwanza, Waingereza walipokuwa wakiwakimbiza Wajerumani kuelekea kusini, na yule mwanawe mdogo alizaliwa yeye akiwa hayupo tena. Humo kwenye orodha hamna kitu. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi kama mikono na miguu ya jeshi. Imewataja kwa mkupuo, basi. Kwa hiyo mtu akiniambia Waingereza wanajua kuenzi, namuuliza wanamuenzi nani. Kijana wa kijijini kwao ana jiwe. Aliyebeba risasi zao porini mpaka akafa kwa njaa na kuhara, hata kwenye daftari hayumo. Siku hizi wanajitahidi kurekebisha, na pale Brixton, London, pana ukumbusho wa askari wa Afrika na Karibi tangu 2017. Nimekwenda, nimeridhika kiasi.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nihangaike na watu waliomtumikia mkoloni. Jamani, Mngoni aliyeona manduna wake, yaani majemadari wake, wakinyongwa na Mjerumani mwaka 1906, miaka kumi baadaye anatwishwa mzigo wa Mwingereza, nani alimwomba maoni? Kumtaja babu si kumsifu Mfalme.

Tukija kwenye vita vya Kagera, tulivyopigana na Idi Amin wa Uganda, sina Mwingereza wa kumlaumu. Jeshi lilikuwa letu na vita vilikuwa vyetu. Baba yangu mdogo yuko hai, mmoja wa waliotembea kwa miguu kutoka Mutukula mpaka Kampala, iliyotekwa 11 Aprili 1979. Wajukuu zake wanaisoma vita hiyo shuleni ili wafaulu mtihani, na mwenyewe amekaa barazani hatua kumi kutoka wanaposomea. Mashujaa wa Kagera wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na mama wa Songea kwenda Muleba ni kuvuka nchi nzima.

Ninachotaka mimi ni kidogo: kila makao makuu ya wilaya yawe na ubao wa majina ya watu wa wilaya ile waliofia Kagera, na waliofia ulinzi wa amani baadaye, kama wale waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017. Tofali, saruji na fundi mwenye mkono mzuri wa herufi. Maua ya karatasi wabaki nayo wenyewe. Huku mtangazaji wa televisheni asipolivaa anasemwa wiki nzima, na sioni heshima gani inapatikana kwa kulazimishana.

Wazee wetu nao wana lao. Baba mdogo atakusimulia matope, mvua na viatu vilivyoachia soli, utacheka mpaka machozi. Muulize kombania yake na nani hakurudi, anasema "hayo ni ya jeshi" na kuomba chai. Nimemwambia Idi Amin alishafariki tangu 2003, siri hiyo anamfichia nani? Amekubali nimrekodi likizo ijayo, kwa sharti kwamba shangazi asiwepo.